Wanasema alilewa, na picha ya kichwa ilitoka safi

Sista, pokea salamu zangu kutoka Malaba, upande wa Uganda. Nimechoka kujibu maneno ya watu, na nataka nijue ukweli wa ugonjwa wa mume wangu.

Baba watoto ana miaka 46. Ni dereva wa trela, safari zake ni Mombasa hadi Kampala. Ni mlokole, na tangu tuoane sijamwona akionja pombe. Presha anayo. Alipewa vidonge, ila huvimeza akijisikia vibaya, akipata nafuu anaviacha.

Mwezi uliopita alirudi akilalamika shingo, nyuma upande wa kulia, maumivu yakipanda mpaka kisogoni. Alisema kinyozi alimkanda baada ya kumnyoa, kisha akamkunja shingo kwa ghafla mpaka ikalia. Tukapaka dawa ya kuchua. Siku chache baadaye, alfajiri, akiwa yadi anangoja foleni ya mpakani, alishuka kwenye gari dunia ikaanza kumzunguka. Akatapika. Akijaribu kutembea anavutwa kulia, mpaka akaangukia matairi. Ulimi ulikuwa mzito. Askari wa yadi na madereva wenzake walicheka, wakasema leo mlokole ameonja waragi. Utingo wake ndiye aliyempakia kwenye boda akamleta nyumbani.

Zahanati walimpima malaria, hawakuiona. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano ya kuzuia kutapika, wakasema ni uchovu. Nilipouliza kama si kiharusi, mhudumu alimwambia ainue mikono yote miwili, akainua. Akamwambia atabasamu, mdomo haukupinda. Akasema hapa hakuna kiharusi.

Kesho yake sauti ilikuwa inakwaruza, maji yanampalia, kwikwi haikatiki. Kope ya jicho la kulia ililegea, akawa anaona vitu viwili viwili. Kilichotutisha zaidi ni hiki: uso una ganzi upande wa kulia, lakini mkono na mguu wa kushoto ndivyo visivyosikia maji ya moto. Nguvu anazo, akikushika mkono utaumia. Tukampeleka mjini kupiga picha ya CT, jibu likaja kwamba ubongo hauna shida. Bosi wake alipoona karatasi ile alisema basi dereva alilewa kazini na hatamlipa. Mama mkwe naye akasema ugonjwa wa uso huku na mwili kule umetupwa na mtu, twende kwa mganga.

Shemeji yangu aliuza ng'ombe, tukaenda Kampala. Huko walipiga picha ya MRI, daktari akaandika kiharusi cha shina la ubongo, upande wa kulia. Alilazwa, wakamwekea mpira wa kulishia puani. Sasa tuko nyumbani wiki ya pili. Mpira ulichomoka juzi usiku, mama mkwe anamnywesha uji kwa kijiko. Anakohoa, lakini unaingia.

Sista, kiharusi gani hiki kisichopooza mkono? Kwa nini CT haikukiona? Ni kinyozi au ni presha? Ataendesha gari tena? Na bosi nimwambie nini?

Mke wa dereva, Malaba

*

Mdogo wangu, pole sana. Uji kwanza, mengine yatangoja.

Mumeo asipewe tena uji, maji, chai wala vidonge kwa mdomo mpaka apimwe namna anavyomeza. Kukohoa kule unakokuona ni uji unaoelekea kwenye njia ya hewa. Na kwa mgonjwa wa aina hii hata siku asipokohoa usifurahi upesi, kwa sababu koo lake lina ganzi na chakula kinaweza kuteremka mapafuni bila yeye kuhisi. Nimonia inayoanzia hapo imeua watu wengi ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua. Kwa hiyo leo, si kesho kutwa, mpeleke hospitali ya Tororo au ya rufaa ya Mbale, mpira urudishwe na kumeza kupimwe. Msijaribu kuurudisha nyumbani, maana mpira unaweza kuingia pafuni badala ya tumboni na ninyi msijue. Kama ameanza homa au pumzi imekuwa fupi, ondokeni hata kama ni usiku. Uulize pia kuhusu dawa zake: tangu juzi huenda amekosa dozi, na si kila kidonge kinaruhusiwa kusagwa na kupitishwa kwenye mpira.

Mama mkwe usimnyang'anye kijiko kwa ukali. Ni mama, anaona mwanawe anakonda. Mpe kazi nyingine ambayo ina faida kubwa kuliko anavyoweza kudhani: amsafishe kinywa, meno na ulimi, mara kadhaa kwa siku. Mate machafu yakishuka mapafuni nayo huleta nimonia. Na mgonjwa akilishwa kwa mpira awe amekaa wima, abaki hivyo nusu saa hivi kabla ya kulala.

Sasa nikujibu swali lako la kwanza. Ndiyo, hicho ni kiharusi, na dalili zote ulizoandika zinakubaliana na karatasi ya Kampala.

Damu hupanda ubongoni kwa njia za mbele na za nyuma. Mbele kuna mishipa mikubwa miwili ya shingo, ile unayoisikia ikidunda chini ya taya. Hiyo ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya ubongo unaoongoza mkono, mguu na maneno, na ikizibwa ndipo tunaona kile kiharusi ambacho kila mtu anakijua, mdomo umepinda, mkono umelala. Nyuma kuna mishipa miwili mingine, inaitwa ateri za vetebra, inayopanda ndani ya vitundu vya mifupa ya shingo yenyewe. Ikiingia kichwani inaungana na kuwa mshipa mmoja, ateri ya besila. Wewe ni mke wa dereva, utaniona haraka: barabara ya Malaba na ile ya Busia zinakutana kabla ya Bugiri, zinakuwa moja kuelekea Jinja. Moja ikifungwa kabla ya makutano, huenda magari yakapita kwa nyingine, ingawa vijiji vya kandokando vitakosa mzigo. Ikifungwa ile moja iliyobaki, kila kitu kinasimama.

Mishipa hii ya nyuma inalisha shina la ubongo, yaani pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, ubongo mdogo ulio kisogoni, na sehemu ya nyuma kabisa inayotambua tunachokiona. Humo ndimo kuna usawa wa mwili, miondoko ya macho, kumeza, sauti, pumzi na kuwa macho. Kwa hiyo mgonjwa anayumba, anatapika, anaona viwili viwili au anapoteza nusu ya anachokiona, anaongea kama mlevi, anapaliwa, na bado anaweza kukubana mkono mpaka uumie. Karibu kiharusi kimoja kati ya vitano vinavyotokana na kuziba kwa damu ni cha upande huu wa nyuma. Si kitu cha nadra, na bado hupita mikononi mwa wahudumu bila kutambuliwa mara nyingi kuliko kile cha mbele.

Yule mhudumu aliyemwambia ainue mikono na atabasamu alifanya kipimo alichofundishwa, na ni kipimo kizuri. Kasoro yake ni kwamba hakigusi usawa wala macho. Natamani kila zahanati iliyo kando ya barabara hii kuu iongeze mambo mawili tu: mwambie mgonjwa akae bila kushikwa kisha atembee hatua chache, na muulize kama anaona kitu kimoja au viwili. Mtu ambaye kizunguzungu kimemjia kwa ghafla na hawezi kusimama au kukaa bila msaada asirudishwe nyumbani na dripu. Kizunguzungu kinachotoka ndani ya sikio kipo na kinasumbua watu wengi. Mara nyingi ni kile cha sekunde chache, kinachokuja ukigeuka kitandani na kuondoka. Cha mumeo kilikuja na ulimi mzito, na miguu iliyovutwa upande mmoja. Huyo angekuwa njiani kwenda hospitali kubwa saa ileile.

Niseme hapa jambo linaloniuma. Mtu akipepesuka yadi, watu hunusa mdomo wake kabla ya kumuuliza anaumwa wapi. Na hata angekuwa amekunywa! Mlevi naye hupata kiharusi, na pombe nyingi hupandisha presha. Kucheka hakumsaidii mtu yeyote. Saa ambazo mumeo alilala nyumbani na zahanati zilikuwa na thamani: ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inayotakiwa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na mwaka 2022 tafiti mbili kutoka China zilionyesha kwamba kulivuta bonge la damu kwa waya kunaokoa watu ambao ateri ya besila imeziba. Sikudanganyi kwamba hayo yangepatikana Malaba alfajiri ile, kwa sababu hata Kampala si rahisi kuyapata. Lakini kuwahi kuna faida nyingine zisizohitaji mashine za ajabu. Kumeza kunapimwa kabla mtu hajapaliwa. Presha inaangaliwa. Na kiharusi cha ubongo mdogo huweza kuvimba katika siku chache za mwanzo, kikabana shina la ubongo, mgonjwa aliyekuwa anaongea akaanza kusinzia na kuzimia. Huyo anahitaji upasuaji wa haraka, na hawezi kuupata akiwa amelala chumbani kwake.

Kuhusu CT. Picha ile ni nzuri sana kwa kuonyesha damu iliyovuja, na kwa sababu hiyo ndiyo hupigwa kwanza, maana hakuna anayetakiwa kumpa mgonjwa aspirini kabla ya kujua kama ubongo unavuja damu. Lakini kuziba kwa mshipa mara nyingi hakuonekani humo siku za mwanzo, na kisogoni ni kugumu zaidi: mifupa minene ya chini ya fuvu huweka michirizi juu ya picha, na shina la ubongo ni dogo. MRI huona vizuri zaidi, na hata hiyo, kwa viharusi vya nyuma, siku ya kwanza au ya pili inaweza kukosa. Kwa hiyo CT safi ilimaanisha kwamba damu haikuvuja. Haikusema kwamba mumeo ni mzima, wala haina uwezo wa kusema kwamba alikunywa. Pombe haipimwi kwa picha ya kichwa.

Nije kwenye jambo lililomtisha mama mkwe, uso huku na mwili kule. Mpe maelezo haya, au msomee. Mishipa ya fahamu inayoleta habari za joto na maumivu kutoka mkononi na mguuni huvuka upande wa pili ikiwa bado kwenye uti wa mgongo, ndipo inapanda. Ile ya usoni huingia kwenye shina la ubongo na kuteremka kidogo upande uleule kabla ya kuvuka. Mahali pamoja, upande wa kulia chini ya shina la ubongo, habari za uso wa kulia na za mwili wa kushoto zinapita jirani. Pakikosa damu hapo, zinakatika zote mbili. Hapohapo pia zinakaa nyuzi za kumeza na sauti, nyuzi zinazoinua kope ya kulia, na zile zinazomsaidia kusimama sawa upande wa kulia. Kwikwi nayo hutoka hapo. Kumbe dalili ambazo zilionekana kama mambo kumi yasiyohusiana ni jeraha moja dogo, pengine si kubwa kuliko punje ya haragwe. Daktari Mjerumani, Adolf Wallenberg, aliandika habari za mgonjwa wa namna hii mwaka 1895, na baadaye, mtu yule alipofariki, ubongo ulionyesha jeraha pale alipokuwa amesema. Hakuna mtu aliyemtupia mumeo kitu.

Kama mama mkwe bado atataka maombi, mwombeeni nyumbani, nami naungana nanyi. Nisichokubali ni dawa ya kunywa, kwa sababu itapita njia ileile ya uji, na kuchanjwa au kukandwa shingo.

Hapo kwenye shingo nataka usikilize vizuri. Maumivu mapya ya shingo na kisogo upande mmoja, baada ya kukunjwa kwa nguvu, kisha kiharusi cha nyuma upande uleule kwa mtu wa miaka 46, yananifanya nishuku kwamba ukuta wa ndani wa ateri ya vetebra ulichanika. Mshipa huu unapofika juu unapinda kuzunguka mfupa wa kwanza wa shingo, na hapo ndipo unapoumia shingo ikizungushwa kwa ghafla. Damu huganda kwenye mchaniko, bonge likapanda. Siwezi kuthibitisha kwa barua, na presha iliyoachwa bila dawa peke yake inatosha kuziba mishipa hii. Inawezekana pia maumivu yalianza kabla ya kinyozi na ndiyo yaliyomfanya aombe kukandwa. Kwa hiyo msiende kugombana na kinyozi. Ila mwambie daktari habari hii, kwa sababu nina wasiwasi haikuandikwa popote, na umuulize kama mishipa ya shingo ilipigwa picha. Jibu linaweza kubadilisha dawa na muda wa kuitumia. Aulizwe pia kuhusu mapigo ya moyo, sukari na mafuta ya damu kama bado havijapimwa. Na wanaume wanaosoma hapa: mkishanyolewa, semeni hapana kwa shingo.

Vidonge vya presha sasa ni vya kila siku, ajisikie vizuri au vibaya. Presha haina sauti, hawezi kuijua kwa kujisikia. Kwa mtu aliyekwisha pata kiharusi madaktari wengi hulenga iwe chini ya 130 kwa 80, lakini ishushwe na daktari kwa hatua, si ninyi kuongeza kidonge. Aspirini au dawa nyingine aliyoandikiwa ya kuzuia damu kuganda asiiache bila kuuliza, hata kama jirani atasema inachoma tumbo. Dalili zikirudi, hata zikikaa dakika kumi na kuondoka, ni hospitali moja kwa moja.

Kuna habari njema. Walio na kiharusi cha eneo hili, wakivuka majuma ya mwanzo bila nimonia, wengi hutembea tena, na wengi hurudi kumeza ndani ya majuma au miezi. Mazoezi ya usawa na ya kumeza yanasaidia, ulizia idara ya mazoezi ya viungo hukohuko Mbale. Ganzi ya joto huweza kubaki muda mrefu. Kwa hiyo maji ya kuoga uyapime wewe, asishike kikombe cha moto kwa mkono wa kushoto, na asikae karibu na sigiri kwa upande huo. Nimeona watu wakiungua mpaka nyama bila kujua.

Gari, hapana kwa sasa. Anayeona barabara mbili na kuvutwa kulia hawezi kubeba trela, na najua atakuambia anaweza. Uingereza, kwa mfano, dereva wa lori aliyepata kiharusi hukaa mwaka mzima kabla ya kufikiriwa tena. Mpangeni maisha ya mwaka huu bila usukani, kisha daktari apime macho na usawa wake upya.

Sasa bosi. Usibishane naye kwa simu. Nenda na nakala ya majibu ya MRI, na uombe hospitali iliyomlaza ikuandikie cheti kinachotaja ugonjwa, tarehe ulipoanza na kwamba hawezi kufanya kazi. Andika barua fupi, ambatanisha, ipelekwe na upate sahihi ya aliyeipokea. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo angalau mwezi mmoja haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kuugua. Mwezi wa pili ukiisha akiwa bado mgonjwa, mwajiri anaruhusiwa kumwachisha, lakini baada ya kumlipa alichokuwa anadai. Kwa hiyo msichelewe. Akikataa, peleka nakala zote kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kama alikuwa anakatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ulizia ofisi yao kuhusu malipo ya mwanachama ambaye ugonjwa umemfanya asiweze tena kufanya kazi.

Katika barua hiyo andika wazi kwamba hakuna aliyempima pombe siku ile, na kwamba daktari aliyesoma MRI ameandika kiharusi cha shina la ubongo. Mwombe utingo aandike alichokiona na atie sahihi. Lakini hayo ni ya kesho. Leo mpandishe gari, mkamrudishie mpira.

Sista